Kidonge cha bluu ndani ya ralonji: historia ya varista, na mayai 264 yenye ilinilazimisha kuisoma



Mimi nilisoma agronomia, sikusoma umeme. Kama kati yetu kuna ndugu wa polytechnique ataona nimekosea mahali, anisahihishe bila haya, nitamshukuru. Hii historia niliitafuta kwa sababu ilinigusa ku mfuko, na pia kwa sababu niliaibika mbele ya wamama wenye waliniamini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kuna kikundi cha wamama wafugaji pembeni ya Bukavu chenye ninasaidia ku mambo ya kuku. Tulichukua mkopo, tukanunua kuvezi, ile mashine ya kuangulia mayai, ya nafasi 264. Tukaijaza. Yai la kuku linahitaji siku 21. Siku ya 17, umeme ulikatika mbele ya giza kuingia. Delestaji tumeizoea: tukapanga bidoni za maji ya moto ndani, tukafunika kuvezi na mablanketi, na joto halikushuka sana. Saa nane ya usiku umeme ukarudi, lakini ulirudi vibaya. Taa ya nje iliwaka nyeupe kupita kawaida, kiisha ikapasuka. Ku jirani pia zilipasuka mbili. Ndani ya kuvezi tukasikia "pa!", na harufu ya kuungua. Mashine ikanyamaza.

Tulipambana na mbabula na maji ya moto siku mbili, usiku na mchana, kwa kutafuta kushika digrii 37 na nusu kwa makaa. Haiwezekani. Vifaranga vilitoka 38. Mkopo ulibakia vile vile.

Siku ya tatu nilipeleka karti ya elektroniki ya kuvezi kwa Papa mmoja fundi wa radio, mtu mzima, mwenye kukaa nyuma ya meza ndogo mu soko. Aliiangalia dakika moja tu.

"Agronome, karti yako haikufa. Chenye kilikufa ni hiki kidonge na fuzi yake. Kilikufa juu karti isikufe."

Akatoa kitu kidogo cha bluu, mviringo kama kidonge cha dawa, chenye miguu miwili ya waya, kimeungua upande mmoja. Akaweka kingine cha namba ile ile, 10D471K. Akabadilisha fuzi. Karti ikawaka. Kazi yote ilichukua nusu saa, na bei yake haikufika plato mbili za mayai.

Nilirudi nyumbani nikihesabu. Kama ningalijua hilo jambo usiku ule, saa mbili ya asubuhi ningalikuwa mbele ya meza ya Papa, na mbele ya saa sita kuvezi ingalikuwa inafanya kazi. Hatukupoteza mayai juu ya umeme peke yake. Tuliyapoteza pia juu ya kutojua nini ilikuwa ndani ya mashine tuliyonunua.

Kesho yake nikamletea ralonji yetu, ile yenye imeandikwa kama inalinda vyombo. Mama prezida wa kikundi alikuwa ameniuliza juu yake: "Agronome, si ulituambia iko na mulinzi ndani?" Nilikuwa nimewaambia hivyo. Papa akaifungua. Mulemo mulikuwa kidonge kingine cha bluu, kina ufa, na vumbi imeingia mu ule ufa.

"Huyu alikufa zamani," alisema. "Ile taa nyekundu inawaka tu juu imefungwa ku courant. Haikuambiye kama mulinzi anaishi."

Kile kidonge kinaitwa varista. Nikaanza kusoma historia yake, na nilishangaa kuona inaanza zaidi ya miaka 170 nyuma, na kwamba madini yenye iko ndani yake sisi Wakongomani tunayajua vizuri kupita mtu mwingine.

1. Waya ndefu njo ilileta shida

Mbele ya karne ya 19, radi ilikuwa shida ya nyumba, miti, makanisa na watu. Tangu Benjamin Franklin, mu miaka ya 1750, watu walijua kuweka fimbo ya chuma juu ya nyumba ili radi ipite mpaka mu udongo. Lakini telegrafu ilipoanza, mu miaka ya 1830 na 1840, watu walivuta waya kilometa na kilometa. Radi haikuhitaji tena kuanguka ku nyumba yako. Ilianguka mbali, ku waya, na ile waya ikaileta mpaka ku meza ya mfanyakazi wa telegrafu.

Mwaka wa 1847 huko Ufaransa, Louis Breguet, fundi wa saa na wa telegrafu wa Paris, alipendekeza kuweka kipande cha waya nyembamba sana mbele ya chombo. Radi ikikuja, ile waya nyembamba inayeyuka kwanza, njia inakatika, chombo kinapona. Angalieni vizuri: ile mashauri ya kwanza iko na wazo lenye tutaliona tena mpaka mwisho. Kitu cha bei ndogo kinawekwa mbele ili kife pahali pa kitu cha bei kubwa.

Wengine walitumia pengo: vipande viwili vya chuma vyenye kukaribiana bila kugusana, kimoja ku waya, kingine ku udongo. Umeme wa kawaida hauwezi kuruka lile pengo. Wa radi unaruka kwa cheche, unaenda mu udongo.

Ku telegrafu ilifaa. Lakini mwishoni mwa karne ya 19, waya zilianza kubeba umeme wenye nguvu, wa taa na wa motere. Hapo pengo likaonyesha ubaya wake: radi ikishapita, ile cheche inabakia, kwa sababu laini yenyewe inaendelea kuilisha. Mlango umefunguliwa kwa mwizi, kiisha watu wote wa nyumba wanatokea pale pale. Elihu Thomson huko Marekani alitengeneza chombo chenye sumaku ya kupuliza ile cheche mpaka izimike. Miaka mingi wainjinia walipambana na shida moja: namna gani kupata mlango wenye kujifunga wenyewe?

2. Jiwe lenye kubadilisha upinzani

Jibu moja lilitoka ku kampuni General Electric, mu mji wa Pittsfield, Marekani. Mwaka wa 1930 Karl McEachron alitangaza kitu kinachoitwa Thyrite. Ilikuwa kama jiwe jeusi la udongo uliochomwa, lenye unga wa karbaidi ya silisio, ile ile inatumiwa ku mawe ya kunoa visu. Sifa yake: voltaji ikiwa ndogo, inapinga umeme. Voltaji ikipanda, upinzani unashuka wenyewe. Voltaji ikirudi chini, upinzani unarudi. Jina varista linatoka hapo, kwa kuunganisha maneno mawili: upinzani, na kubadilika.

Lakini Thyrite haikufunga mlango kabisa. Ata voltaji ya kawaida ilikuwa inavuja kidogo kidogo ndani yake, kwa hiyo waliendelea kuweka pengo mbele yake. Ilisaidia laini kubwa. Ku radio ya nyumbani haikufaa sana.

Kuna jambo moja la ile wakati lenye lilinivutia kupita Thyrite yenyewe. Wale watu walikuwa wanapima. Mwaka wa 1924, J. F. Peters wa kampuni Westinghouse alitengeneza chombo kinachoitwa klidonografu. Kilifungwa ku laini, na kila pigo la voltaji likipita, liliandika picha kama nyota ku filme ya foto. Ukubwa wa ile nyota ulionyesha ukubwa wa pigo. Na tangu 1935, McEachron na wenzake waliweka vyombo ku Empire State Building, New York, kwa kupima radi yenye ilikuwa inapiga lile jumba mwaka kwa mwaka. Walitaka kujua adui yuko na kimo gani mbele ya kutengeneza ngao.

3. Saa za ukuta zenye zilikuwa zinakufa bure

Tuje ku nyumba. Mwaka wa 1947 transista ilizaliwa ku maabara ya Bell. Mbele yake radio zilifanya kazi na lampe za vioo, na lampe ni ngumu: inaweza kupigwa pigo la voltaji kubwa na kuendelea kuimba. Transista ni ndogo, haikuli umeme mwingi, lakini pigo la muda mfupi kupita kufumba jicho linatosha kuiua. Kadiri vyombo vilivyokuwa vya akili, ndivyo vilivyokuwa vya kuumia haraka.

Huko Marekani, mu miaka ya 1960, General Electric ilikuwa na shida ya saa za umeme. Zilikuwa zinarudi zimeungua ku motere. Waliongeza ngozi ya kulinda waya za ndani: pahali pa kuvumilia volti 2,000, zivumilie volti 6,000. Saa zenye ziliharibika zikapungua mara 100. Mara 100! Ile ilionyesha jambo lenye watu wengi hawakuamini: mu nyumba ya kawaida, ku prizi ya volti 120, kunaweza kupita mapigo ya maelfu ya volti, na hakuna mtu anayaona kwa sababu yanadumu sehemu ndogo sana ya sekunde moja.

Kati ya wale walioyatafuta kuna injinia François Martzloff. Yeye na mwenzake Hahn waliweka vyombo vya kupima ku nyumba za watu na ku viwanda, na mwaka wa 1970 wakatoa matokeo. Waliona kwamba mapigo hayatoki ku radi peke yake. Mengine yanatoka ndani ya nyumba yenyewe: chombo chenye motere ama chenye cheche kikiwashwa ama kikizimwa, kinapiga vyombo vingine vya mu nyumba ile ile. Adui wa friji yako wakati mwingine ni jirani yake ku ukuta.

4. Udongo wa Bwana Matsuoka

Wakati ule ule, huko Osaka, Japani, Michio Matsuoka alikuwa anafanya kazi ku kampuni Matsushita. Wazee wetu waliijua kwa radio za National. Leo inaitwa Panasonic. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata udongo mupya wa kuchoma, na mwaka wa 1971 akaandika kanuni yake mu gazeti la fizikia la Japani.

Hapa mimi agronome nilisimama, nikasoma mara mbili. Kile kidonge ni oksidi ya zinki. Zinki! Sisi tunaijua ku shamba: mahindi yakiikosa, majani machanga yanatoa mistari myeupe, na oksidi ya zinki ni moja ya dawa tunayoweka mu mbolea. Kanuni ya Matsuoka ilikuwa oksidi ya zinki 97 ku 100, na zile 3 zenye zinabakia ni bismuti, kobalti, manganezi, kromi na antimoni, kila moja kidogo sana. Unasaga, unachanganya, unakandamiza, unachoma mu tanuru ku digrii 1,350.

Zinki na kobalti. Mugodi wa Kipushi, kule Haut-Katanga, ulianza kazi mwaka wa 1924, ukajulikana duniani kwa zinki yake, ukafungwa mwaka wa 1993, na ukaanza kutoa tena mwaka wa 2024. Ku kobalti, inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya yote inayochimbwa duniani. Sisemi kama kidonge cha ralonji yangu kilitoka Kipushi, sijui kilitoka wapi. Ninasema tu kwamba tulikuwa tunanunua ulinzi wenye umetengenezwa na vitu vya aina ya vile tunauzisha, na hakuna mwalimu aliyeniambia.

Namna gani inafanya kazi? Mtu wa udongo ataelewa haraka. Ukiangalia kile kidonge kwa mikroskopi, utaona punje za zinki zimebanana kama punje za mchanga. Punje zenyewe zinapitisha umeme vizuri. Lakini bismuti na wenzake wanajipanga ku mipaka, kati ya punje na punje, na pale wanajenga ukuta. Kila ukuta unavumilia volti kama 3. Chini ya hapo unafunga; juu ya hapo unafunguka. Kwa hiyo ukitaka kidonge chenye kuanza kufunguka ku volti 430, unahitaji kuta karibu 140 zenye kufuatana toka uso mmoja mpaka ku mwingine. Unene wa kidonge njo unaamua voltaji. Upana wake njo unaamua pigo la ukubwa gani linaweza kupita bila kukipasua.

Na namna unafunguka, njo hapo ile udongo ilishinda Thyrite. Ku karbaidi ya silisio, voltaji ikipanda 10 ku 100, umeme unaopita unaongezeka kidogo tu, karibu mara moja na nusu. Ku udongo wa Matsuoka, kwa ile nyongeza ile ile, umeme unaongezeka zaidi ya mara 100. Chini ya mpaka, mlango umefungwa karibu kabisa. Juu ya mpaka, uko wazi. Voltaji ikishuka, unajifunga. Njo ule mlango watu walikuwa wanautafuta tangu wakati wa Thomson, bila pengo na bila cheche.

5. Toka maabara mpaka ku ralonji

General Electric walinunua ruhusa ya kutengeneza ile udongo, na mwaka wa 1972 wakaanza kuuzisha vidonge kwa vyombo vya nyumbani. Huko Japani, kampuni Meidensha pamoja na Matsushita, katikati ya miaka ya 1970, walitengeneza vile vikubwa, vyenye kusimama ku laini za umeme wa juu, bila pengo. Leo ukipita pembeni ya kabina kubwa ya umeme, yale mafimbo yenye sahani sahani yenye yanasimama mbele ya transfoma, mengi yako na udongo huu huu ndani.

Mwaka wa 1980 chama cha wainjinia wa umeme, IEEE, kilitoa mwongozo wa kusema ku prizi ya nyumba tungojee mapigo ya namna gani: mpaka volti 6,000, na kwa muda wenye kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde moja. Ule mwongozo ulisimama, kwa sehemu, juu ya kazi ya wale watu wa saa na wa nyumba. Mwaka wa 1985 ikafuata kanuni UL 1449 ya kuchunguza vyombo vya kulinda. Mu miaka ya 1990 wakaikaza, kwa sababu waliona ubaya mupya: varista inaweza kuwaka moto.

Namna gani mulinzi anawasha moto? Varista ilitengenezwa kwa pigo fupi. Pigo la radi linapita, kidonge kinakula joto lake, kinapoa. Lakini kama voltaji inapanda na inabakia juu, sekunde kwa sekunde, kidonge kinaendelea kupitisha na kinapika. Kiisha kinapasuka ama kinashikana kabisa. Kama mbele yake kuna fuzi, fuzi inakatika na mambo yanaisha. Kama hakuna fuzi, ama mtu aliweka kipande cha waya ya shaba pahali pa fuzi (tunajua wote kwamba inafanyika), moto unaanza.

Na ata kama haiwake, inazeeka. Kila pigo kubwa linavunja kuta zingine kidogo. Watengenezaji wenyewe wanaandika: kidonge cha upana wa milimita 20 kinaweza kuvumilia pigo moja la ampere 6,500, lakini kwa mapigo mengi kinavumilia kiasi kidogo sana. Siku moja kinaisha, bila kelele, ndani ya ralonji yenye taa nyekundu inawaka vizuri.

6. Na sisi huku?

Mwaka wa 2016 watafiti walitoa hesabu ya radi ya dunia nzima, kwa kutumia satelite TRMM yenye ilipima toka 1998 mpaka 2013. Ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, Venezuela: mimuliko 233 ku kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Ya pili ni Kabare: 205. Kabare yetu, ile unaiona ukitoka Bukavu. Mbele ya ile hesabu, Kongo njo ilikuwa ya kwanza. Ni kweli satelite inahesabu pia mimuliko yenye inabakia mu mawingu, hainguki yote chini. Lakini ata hivyo.

Basi mtu angefikiri kwamba huku kwetu njo mahali pa kupima mapigo ya umeme kupita pote. Lakini ile hesabu ilitoka ku satelite, juu kabisa. Ku prizi zetu, ndani ya nyumba, ninani anapima? Vyombo vya kulinda tunavyonunua vilifikiriwa juu ya vipimo vya nyumba za Marekani, penye umeme haukatike mara nne kwa siku, penye waya ya udongo iko, na voltaji inasimama. Huku tuko na radi ya Kabare, na tuko tena na shida ingine yenye wale watu hawakuwa nayo sana: voltaji yenye kupanda na kubakia.

Papa fundi alinielezea ile usiku yetu. Ku laini ya mtaa kuna fazi tatu na netre moja. Netre ikikatika, ama ikilegea ku nguzo, nyumba za fazi moja zinaanza kugawana voltaji na nyumba za fazi ingine. Mmoja anapata volti 100, taa yake inakuwa nyekundu kama mshumaa. Mwingine anaweza kupata 300 na zaidi, karibu mpaka 380, na taa yake inapasuka. Ile haidumu sehemu ya sekunde. Inadumu mpaka mtu apande nguzo. Kwa shida ya namna ile, varista haikutengenezwa. Inaweza kufanya kitu kimoja tu: kufa haraka na kukata fuzi. Kidonge cha kuvezi yetu kilifanya hivyo hivyo, na kilifanya vizuri. Sisi njo hatukuelewa ujumbe wake.

7. Yale tunafanya sasa

Ninayaandika kwa ufupi, kwa yule mwenye kuwa na chombo ku nyumba ama ku kazi.

Umeme ukikatika, tunachomoa vyombo vyote, tunaacha taa moja tu. Ukirudi, tunaangalia ile taa dakika tano. Ikiwaka kwa rangi yake ya kawaida, tunarudisha vyombo. Haina bei, na njo inasaidia kupita yote. Usiku wa mvua, tunaweka mtu wa zamu.

Mbele ya kuvezi tumeweka kifaa chenye kukata umeme chenyewe voltaji ikipita mpaka, na chenye kungojea kidogo mbele ya kurudisha. Hicho kinashughulika na voltaji yenye kubakia juu. Varista inashughulika na pigo fupi. Moja haiwezi kufanya kazi ya ingine, na stabilizatere pia haina haraka ya kutosha kwa pigo la radi.

Tunasoma namba. Ku volti 220 yetu, Papa anataka aone 431K ama 471K ku kidonge. Ukiona 201K ama 241K, ile ni ya inchi za volti 110 ama 120, itapasuka siku ya kwanza. Herufi D na namba ya mbele yake ni upana kwa milimita: 20D ni nguvu kupita 7D.

Fuzi ni fuzi. Hakuna waya ya shaba.

Ndani ya mfuniko wa kuvezi tumebandika bahasha: varista mbili, fuzi tano, za namba ile ile. Mtoto wa Mama prezida, mwenye anasoma elektrisite ku institut, Papa alimfundisha kuzibadilisha mashine ikiwa imechomolewa. Usiku mwingine kama ule, hatutangojea siku ya tatu.

Na tena, tumeweka daftari. Nilinunua kipimo cha voltaji cha bei ndogo, na mara tatu kwa siku mmoja wa wamama anaandika namba. Mwezi wa kwanza tuliona 187 mangaribi, watu wakiwa wanapika, na 246 usiku wa manane. Hakuna mtu alikuwa anajua, ata mimi. Mama prezida aliangalia ile karatasi, akaniuliza kama anaweza kuipeleka ku mkutano wa mtaa, waombe nguzo zetu ziangaliwe netre. Nikamuambia ndiyo, lakini tungojee miezi mitatu, namba ziwe nyingi.

Breguet alianza na kupoteza vyombo. General Electric walianza na saa zenye kurudi. Sisi tulianza na mayai. Kama kati yenu kuna mwenye kuwa na kipimo ku nyumba, Goma, Uvira, Bunia, Lubumbashi ama pengine, aanze daftari yake wiki hii, na atuletee namba hapa. Daftari yetu iko ku ukurasa wa 9.